Kuuza Kasha la Bibi Mtandaoni: Msaji, Mninga na Haki ya Mnunuzi Ambaye Hajaona

Bismillaahir Rahmaanir Rahiym

SWALI:

Mimi ni kijana wa Mikindani, Mtwara. Bibi yetu alifariki mwaka jana, na familia imeniachia kazi ya kuuza vitu vya zamani vya nyumbani kwake: kasha kubwa lenye misumari ya shaba, kitanda cha samadari, na viti viwili ambavyo marehemu babu alivinunua mnadani, kutoka nyumba waliyokaa wataalamu wa kigeni. Nilipiga picha nikaweka WhatsApp. Rafiki yangu mwenye uzoefu akanishauri niandike "kasha la msaji, miaka 150", na viti niandike "tiki ya Denmark", kwa sababu ndivyo vinavyouzika kwa bei. Mama mmoja wa Unguja ameshanitumia nusu ya fedha za kasha. Juzi fundi seremala amelifungua ili atengeneze bawaba, akaniambia kifuniko si msaji, ni mninga, tena kimebadilishwa si zamani sana. Rafiki yangu anasema ninyamaze, mama aliona picha akaridhika, na niliandika kabisa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Je, ni lazima nimwambie?

JIBU:

Sifa zote njema ni za Allaah, na Swalah na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake.

Ndiyo, ni lazima umwambie, na umwambie leo kabla kasha halijapanda basi. Umwambie mambo mawili: kwamba kifuniko ni mninga na kimebadilishwa, na kwamba ile "miaka 150" uliandika bila kujua. Kisha umpe hiari: akitaka aendelee kwa bei ile, akitaka mpatane bei nyingine, akitaka umrudishie fedha zake zote.

Maswali ya namna hii yameongezeka. Samani za kale za pwani yetu zimekuwa na soko, hoteli za Unguja zinazitafuta, jamaa zetu walioko Oman na Ulaya wanazitaka kwa kumbukumbu, na nyumba nyingi za Mikindani, Lindi, Kilwa na visiwani bado zina kasha au kitanda kilichofunikwa shuka chumba cha nyuma. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa urefu, na tumewauliza pia mafundi, kwa sababu mtu hawezi kusema kweli juu ya mbao asiyoijua.

Jicho la mnunuzi liko mkononi mwako

Zamani mnunuzi alikuja nyumbani. Aliinama, akagonga ubao, akafungua kifuniko, akanusa, akaingiza mkono nyuma ya droo. Leo yuko Unguja au Wete, na anachokiona ni kile ulichochagua wewe kumwonyesha. Ukipiga picha upande mzuri tu, umemfumba jicho moja. Ukiandika neno usilolijua, umemfumba la pili.

Imepokewa katika Swahih Muslim kwamba Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye mali, yule akajibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Zingatieni kwamba yule bwana hakusema uongo. Aliulizwa, akajibu kweli papo hapo. Kosa lake lilikuwa mpangilio: kikavu juu, kibichi chini. Picha nne za kasha kwa mbele, na hakuna hata moja ya kifuniko kwa ndani, ni mpangilio ule ule.

Na kuna hadithi ya 'Uqbah bin 'Aamir (radhiya Allaahu 'anhu), aliyoipokea Ibn Maajah, kwamba si halali kwa Muislamu kumuuzia ndugu yake kitu chenye aibu bila kumbainishia. Haikusemwa "akiulizwa". Rafiki yako anasema mama hakuuliza. Angeuliza nini naye haoni?

Hilo la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" linaandikwa kila duka, na watu wengi wanadhani limewavua jukumu. Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo yanayofuatwa na watu wa pwani na visiwa, muuzaji akishurutisha kwamba hahusiki na kasoro yoyote, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo linamsaidia katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwa sababu mnyama hula na kutembea huku ugonjwa umejificha. Kasha halina ugonjwa wa kujificha namna hiyo. Sharti lako halimzuii mama yule kurudisha, seuze kasoro ambayo sasa unaijua.

Dhana ya mnunuzi na neno la muuzaji

Hapa pana tofauti ambayo tunaomba wauzaji waielewe vizuri, kwani inawalinda wao pia.

Mafaqihi wa Kishaafi'iy, na limo katika Fat-hul Mu'iyn kinachosomeshwa katika madrasa zetu nyingi, wametoa mfano wa mtu aliyenunua kipande cha kioo akidhani ni johari. Ikiwa muuzaji hakusema kuwa ni johari wala hakufanya hila yoyote, mnunuzi hana haki ya kurudisha kwa sababu tu amepunjika. Amezembea mwenyewe, angeuliza wajuzi. Kwa hiyo ukiandika "kasha la zamani, mbao ngumu, sijui ni mti gani", na mnunuzi akajiambia moyoni kuwa huu ni msaji, kisha akakuta ni mninga, hukumdanganya. Lakini ukiandika "msaji", neno ni lako na deni ni lako.

Upande wa pili kuna hila ya vitendo isiyo na neno lolote. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kufunga chuchu za ngamia na mbuzi ili maziwa yajae na mnunuzi adhani ndivyo mnyama anavyotoa kila siku, na akampa mnunuzi hiari ya kumrudisha. Wanavyuoni wakakisia juu ya hilo hila nyingine, kama kuyazuia maji ya kinu cha kusagia kisha kuyaachia siku ya kuuza ili mkondo uonekane mkubwa. Basi na yule anayepaka dawa ya viatu nyeusi kwenye kinyago cha mti mweupe ili kionekane mpingo, anayepiga mnyororo ubao mpya ili upate makovu ya uzee, au anayelowesha misumari mipya kwa siki na chumvi ili ishike kutu, huyo amefunga chuchu za mbuzi hata kama hakufungua mdomo.

Kupamba si kughushi. Kufuta vumbi, kupaka nta au mafuta, kukaza mguu unaotikisika, yote hayo yanajuzu, na mnunuzi anayatarajia. Mpaka unavukwa pale pambo linapoficha kasoro au linapokifanya kitu kionekane jinsi ambayo sicho.

Kuijua mbao

Mtiki, ambao wazee na vitabu huuita msaji, si mti wa asili wa Afrika. Asili yake ni Bara Hindi na Asia ya Kusini-Mashariki. Ulifika pwani yetu kwanza kama mbao na kama vitu vilivyokwisha kutengenezwa, ndani ya majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi. Makasha mengi tunayoyaita ya Zanzibar yalitoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, na mengine yakatengenezwa huku na mafundi waliojifunza kwa hao. Miti yenyewe ilianza kupandwa nchini wakati wa Wajerumani, na leo kuna mashamba makubwa ya serikali kama Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro. Maana yake ni kwamba mbao ya msaji peke yake haithibitishi uzee. Kasha la msaji linaweza kuwa limetoka kwa fundi mwezi uliopita.

Msaji una rangi ya asali iliyoiva inayoelekea kahawia, na huzidi kuiva kwa miaka. Ukiupapasa unahisi kama una mafuta. Ukiukwangua kidogo mahali pasipoonekana, chini ya mguu kwa mfano, unatoa harufu inayokaribia ngozi kuukuu. Tazama kichwa cha ubao, pale ulipokatwa kwa kukingama: utaona pete za ukuaji, na vitundu vikubwa vimejipanga kufuata pete.

Mvule ndio unaowachanganya watu zaidi. Wafanyabiashara wa nje huuita tiki ya Afrika, na wengine wetu wamelipokea jina hilo kwa furaha kwa sababu linapandisha bei. Mvule si jamaa wa msaji hata kidogo. Ni mbao nzuri sana, inadumu, na samani nyingi za ofisi na nyumba za serikali za wakati wa Waingereza zilitengenezwa kwa mvule na mninga. Nyuzi zake hupindana huku na huku, vitundu vyake vimetawanyika bila kufuata pete, na seremala yeyote atakueleza jinsi msumeno unavyoweza kukutana na kitu kigumu kama jiwe katikati ya gogo. Muuzaji akiandika "tiki ya Afrika" kwa mnunuzi ambaye anajua tiki moja tu, amecheza na maneno. Andika mvule.

Mninga una wekundu ndani ya kahawia, mara nyingi na michirizi myeusi au ya zambarau, na ukiwa mpya una harufu tamu. Mkongo, unaopatikana kwa wingi misitu ya Lindi na Mtwara, ni mzito na mwekundu zaidi, na umetumika sana kwa milango. Mpingo hauna haja ya maelezo kwa mtu wa Kusini: kiini cheusi chenye zambarau kwa mbali, ganda la nje la manjano hafifu, na ukitumbukiza kipande majini kinazama. Kinyago kinachoelea si mpingo. Pamba yenye spiriti ikipita chini ya kitako ikatoka nyeusi, hiyo ni rangi au dawa ya viatu.

Yote haya ni dalili tu. Vanishi nzito na miaka ya moshi wa jikoni vinaweza kumpoteza hata fundi wa miaka thelathini. Kwa hiyo mwonyeshe fundi, na ukiandika, andika kwamba ni kauli ya fundi. "Fundi amesema ni msaji, isipokuwa kifuniko" ni sentensi ya kweli hata ikija kudhihirika kuwa fundi alikosea.

Kuujua uzee

Mbao ya zamani haichakai sawasawa. Inachakaa pale mkono ulipopita: ukingo wa kifuniko, pembeni mwa kufuli, miguu upande wa mlangoni ambako ufagio uligonga. Kasha lililokwaruzwa kila mahali kwa kiasi kimoja limechakazwa kwa makusudi. Toa droo ndogo uangalie chini yake na nyuma yake. Kwa kawaida huko hakupakwi rangi, na mbao iliyokaa miaka mingi imefifia au imekuwa nyeusi kwa vumbi. Ukikuta weupe mbichi, uliza kwa nini.

Maungio yaliyokatwa kwa mkono hayalingani. Moja pana, moja jembamba, na alama ya kisu cha kupimia bado inaonekana. Yaliyokatwa kwa mashine yanafanana kama meno ya kitana. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilienea kuanzia miaka ya 1930 na kuendelea, hivyo ukizikuta kwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha karne ya 19, ama kitu si cha wakati huo ama kimefanyiwa matengenezo. Usikimbilie kusema ni cha uongo: bawaba hufa, kufuli huibwa, na kila nyumba ina mjomba aliyejifanya fundi. Matengenezo si aibu. Kuyanyamazia ndiyo aibu.

Na tafadhali, usipeleke kasha kwenye msasa wa mashine ili ling'ae. Tumeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema. Ule weusi ulioko juu ya mbao ndio ushahidi wa umri wake, na ukishaupangusa umeharibu mali ya warithi wenzako.

Kuhusu hiyo miaka 150: umeipata wapi? Kama bibi aliletewa kasha siku ya harusi yake, na mnajua aliolewa lini, hiyo ni tarehe ya kweli na ni nzuri kuliko miaka ya kubuni. Andika "lilikuwa kwa bibi tangu alipoolewa". Wanunuzi makini wanalithamini neno kama hilo, maana lina mwenyewe.

Viti vya "Denmark"

Rafiki yako hakulitoa neno hili hewani. Katika miaka ya 1950 na 1960 mafundi na wabunifu wa Denmark, watu kama Finn Juhl na Hans Wegner, walitengeneza viti na meza za mtiki kutoka Asia, za miguu myembamba na mistari laini, zikapendwa dunia nzima. Kiti kimoja cha Wegner cha mwaka 1949 kilikaliwa na Kennedy na Nixon katika mdahalo wa televisheni wa mwaka 1960. Vitu hivyo leo vinauzwa kwa fedha nyingi. Nchi za Nordiki nazo zilileta wataalamu wengi Tanzania: kituo cha Kibaha kilianzishwa kwa msaada wao katika miaka ya 1960, na Wafini walifanya kazi miaka mingi katika miradi ya maji na maendeleo ya Mtwara na Lindi. Kwa hiyo haiwi muhali kiti cha namna hiyo kuwepo Mtwara.

Lakini kuwezekana si kuthibitika. Mtindo ule uliigwa Ulaya, Marekani na hata na mafundi wa Afrika Mashariki waliokabidhiwa picha ya katalogi. Geuza kiti juu chini. Tafuta muhuri wa moto, kibati au karatasi yenye jina la kiwanda na maneno ya nchi kilikotoka. Vingi vya Denmark vina pia alama ya duara ya chama cha ukaguzi wa watengeneza samani wa huko. Karatasi hubanduka, hivyo kukosekana kwa alama si hoja ya kukana, lakini pia si ruhusa ya kudai. Ukiwa huna alama, kauli ya haki ni "viti vya mtindo wa miaka ya 1960, havina alama ya kiwanda, vilinunuliwa mnadani Mtwara".

Angalia pia ukingo. Samani nyingi za Denmark za halali kabisa, hasa makabati na meza, si msaji mtupu. Ni ganda jembamba la msaji juu ya plaiwudi au chipbodi. Ukiona nyuzi za juu zinaishia ghafla ukingoni badala ya kupinda na kushuka ubavuni, hilo ni ganda. Si kasoro ya kuaibisha, ndivyo vilivyotengenezwa, lakini anayeandika "msaji mtupu" amesema uongo.

Je, biashara yenyewe ya kuuziana bila kuona inasihi?

Hili baadhi yenu mtaliuliza, na ni swali la haki. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shaafi'iy ni kwamba kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Ipo kauli ya zamani ya Imaam inayojuzisha pamoja na hiari ya mnunuzi atakapokiona, na ndiyo njia ya Mahanafi. Maalik na Mahanbali wanajuzisha kwa sifa zilizobainishwa vya kutosha. Wanavyuoni wengi wa leo wanaozungumzia biashara za mtandaoni wanapita njia hizo za kuruhusu, kwa sharti la maelezo kamili na hiari ya kurudisha.

Anayetaka kutoka katika khitilafu ana njia mbili nyepesi. Ya kwanza, mnachopatana kwenye simu kiwe ahadi tu, na fedha iliyotumwa iwe amana, kisha mkataba ufungwe kitu kikifika na mnunuzi akakiona. Ya pili, mnunuzi amuwakilishe mtu aliyeko Mtwara, ndugu au rafiki, aende akione na afunge mkataba kwa niaba yake. Jicho la wakala linatosha. Tunaipenda zaidi hii ya pili. Nauli ya bajaji kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni ndogo sana ukilinganisha na ugomvi wa kurudisha kasha kwa basi hadi Dar es Salaam na kwa boti hadi Malindi.

Kwa upande wa mnunuzi: ukikuta kasoro, haki yako ya kurudisha ni ya papo hapo. Mjulishe muuzaji mara moja na usiendelee kukitumia. Ukishapanga nguo ndani ya kasha na kulikalia wiki tatu ukiangalia mpira, umeonyesha kuridhika. Na mpatane mapema nani anabeba hasara kikivunjika njiani. Kabla mnunuzi au wakala wake hajakipokea, asili ni kwamba dhamana iko kwa muuzaji.

Msiweke pia watu wa kupandisha bei kwenye kundi, binamu anayeandika "nimeweka laki tano" naye hana nia ya kununua. Hiyo ndiyo najash iliyokatazwa.

Kabla ya kuuza: ni cha nani?

Umesema familia imekuachia. Tunakuuliza: familia yote? Kasha la bibi ni mirathi tangu alipofariki. Kila mrithi ana fungu lake ndani ya ubao ule, awe shangazi aliyeko Pemba au yatima wa mjomba aliyefariki baada yake. Wakubwa waridhie kwa ulimi wao, na fungu la mtoto lisimamiwe na walii wake kwa bei isiyompunja. Na kama lilikuwa limeandikwa wakfu kwa msikiti au madrasa, kama vitanda na milango mingine ilivyo, haliuzwi.

Tunawaonya pia wanaozunguka Mikindani, Sudi na Kilwa Kivinje wakinunua kwa vikongwe. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikataza kuwatoka wasafiri njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni wakajua bei, na akampa muuzaji hiari akifika akagundua. Bibi kizee asiyetoka ndani, anayeuza kasha kwa bei ya kuni huku mnunuzi ana picha ya hoteli mfukoni, hali yake inafanana sana na ya hao wasafiri. Ukimwambia "hiki hakina thamani" nawe unajua kinayo, umemdanganya, na umri wake unazidisha dhambi.

Serikali nayo ina mipaka yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda, pamoja na mengine, milango ya mbao na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Msing'oe mlango wa nakshi na kuutangaza bila kuuliza Idara ya Mambo ya Kale. Viti vya enzi vyenye vipande vya pembe za ndovu visitangazwe kwa wanunuzi wa nje, kwani biashara ya kimataifa ya pembe hizo imepigwa marufuku tangu 1990. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya mpingo, pamoja na sisam ya Kihindi iliyomo katika baadhi ya makasha, imo katika orodha ya mkataba wa CITES, hivyo kabla ya kutuma nje ya nchi ulizeni Wakala wa Huduma za Misitu kama kibali kinahitajika.

Tangazo lako, kama tungeliandika sisi

"Kasha la mbao lenye misumari ya shaba, lilikuwa la bibi yetu, Mikindani. Limekuwa kwake tangu alipoolewa, umri wake kamili hatuujui. Fundi ameliangalia: mwili ni msaji, kifuniko ni mninga na kilibadilishwa. Misumari minne imepotea upande wa kushoto, picha ya sita inaonyesha. Ndani kuna matundu ya zamani ya wadudu, hakuna unga unaodondoka. Kufuli halifanyi kazi. Warithi wote wameridhia kuuza. Njoo uone au tuma mtu. Ukilipokea likawa si kama tulivyoeleza, turudishie, na nauli ni juu yetu."

Piga picha mchana, karibu na mlango, bila kichujio cha rangi. Piga mbele, nyuma, chini, ndani ya kifuniko, na kila kasoro kwa karibu na rula pembeni. Fundi aliyetuongoza katika makala hii amesema anayemtumia picha ya chini ya kasha bila kuombwa, humwamini hata kabla hajasoma bei.

Ama mama wa Unguja, mpigie simu badala ya kumtumia ujumbe, kwani neno la namna hii linahitaji sauti. Akilirudisha, mrudishie fedha yake yote pamoja na makato ya kutuma, kwa sababu kosa lilianzia kwako. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amebainisha, katika hadithi ya Hakiym bin Hizaam iliyomo kwa Al-Bukhaariy na Muslim, kwamba wanaouziana wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Na yale matangazo ya viti na kitanda yafute usiku huu, uyaandike upya kesho baada ya kuvigeuza na kuvitazama chini.

Na Allaah Anajua zaidi.